PISTONI AU TURBINI: IPI YATUFAA?

Kila asomaye katika shule hii amewahi kumwona mwalimu akinyamaza katikati ya sentensi, chaki mkononi, akingoja ndege ipite. Sisi wa Embulbul tumezoea. Ndege ndogo zitokazo Uwanja wa Wilson zikienda Maasai Mara hupita upande wetu, na zile za wanaojifunza urubani huja kuzunguka karibu na Vilima vya Ngong kisha zikarudi zilikotoka. Zingine hunguruma kama lori lililobeba kokoto. Zingine hupiga mluzi mwembamba, ukigeuka kutazama zimeshapita.

Katika chama chetu mabishano yamekuwa mengi kuhusu jambo hili. Kundi moja lasema injini ya pistoni ndiyo ya mwananchi kwa sababu ni rahisi na fundi yeyote aijua. Kundi la pili lasema pistoni ni mambo ya kale, dunia imehamia turbini. Na kuna wale wa kukaa nyuma wanaosema, "Aa, ndege ni ndege bora ipae!" Mimi nimeamua kuandika kwa sababu naona kila upande umeshika sehemu tu ya ukweli.

Maoni yangu ni haya. Katika nchi yenye miinuko kama yetu, ndege ya kazi, yaani ya kubeba abiria wengi na wagonjwa, yafaa iwe ya turbini. Ndege ya pistoni ibaki kuwa ya kujifunzia na ya safari fupi za watu wachache, lakini iachishwe petroli yenye madini ya risasi. Sasa nitatoa sababu zangu moja baada ya nyingine, na anayepinga ajibu katika toleo lijalo.

Tuanze na jinsi injini hizi zinavyofanya kazi, maana wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Injini ya pistoni ni ndugu ya injini ya matatu zetu za 111. Ndani ya silinda pistoni hushuka ikifyonza hewa na petroli, hupanda ikikandamiza, plagi hutoa cheche mchanganyiko ukalipuka na kuisukuma chini, kisha hupanda tena kutoa moshi. Hatua nne, ya nguvu ni moja tu. Pistoni hukimbia juu, husimama, hurudi chini, husimama, maelfu ya mara kila dakika. Ndiyo sababu hunguruma na kutikisika.

Injini ya turbini hufanya mambo yale yale manne, ila hufanya yote kwa wakati mmoja bila kusimama. Mbele kuna mapanga madogo ya kukandamiza hewa, katikati kuna chumba ambamo mafuta huwaka mfululizo kama jiko la stovu, na moto ule ukitoka kwa kasi huzungusha magurudumu yenye mapanga, hayo ndiyo turbini. Turbini moja huendesha yale mapanga ya kukandamiza hewa, na nyingine hupitishia gia kwenda kuzungusha rafadha, ile feni kubwa tunayoiona mbele ya ndege. Kuna jirani yetu fundi wa magari niliyemweleza habari hii akaniuliza, "Kijana, injini isiyo na plagi ya kulipua kila mara itawakaje?" Nikamjibu, "Fundi, ni kama moto wa kuni. Ukishawasha mara moja, unaongeza kuni tu." Alicheka, lakini alielewa. Cheche huhitajika wakati wa kuwasha, baadaye moto hujiendeleza.

Injini ya turbini iliyo maarufu zaidi katika ndege ndogo ni PT6 ya kampuni ya Pratt & Whitney ya Kanada, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Hiyo ndiyo imo ndani ya Cessna Caravan, ndege yenye mabawa juu na tumbo pana ambayo nadhani kila mmoja wetu ameiona. Sehemu yake ya kukandamiza hewa huzunguka zaidi ya mara 37,000 kwa dakika, lakini gia huipunguza kasi hiyo mpaka rafadha ikazunguka mara 1,900 tu. Ule mluzi tunaousikia darasani ni wa hayo mapanga ya ndani.

Basi sababu yangu ya kwanza ni mwinuko wa nchi yetu. Uwanja wa Wilson uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 1,690. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Injini ya pistoni ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Hebu tupige hesabu pamoja. Cessna 206 ina injini ya nguvu za farasi 300. Pale Wilson itakuwa imepoteza karibu asilimia 16, ibaki na farasi 250 hivi. Farasi 50 wamepotea kabla rubani hajaondoka chini! Na jua la mchana likiwaka hali huzidi kuwa mbaya, kwani joto nalo huipunguza hewa uzito. Mabawa pia huhitaji hewa, na rafadha pia. Kwa hiyo hasara ni tatu.

Sasa tazama vilima vyetu. Kilele cha Ngong kina mita 2,460, na kutoka Wilson ni kama kilomita 20. Ndege yapaswa kupanda mita 770 kabla ya kufika, na hapo itakuwa imelingana na kilele tu, haijakivuka. Tuseme ndege imejaa, ni saa nane mchana, inapanda mita 120 kwa dakika na kwenda kilomita 140 kwa saa. Itachukua zaidi ya dakika 6, na itakuwa imeshakwenda kilomita 15. Zimebaki 5. Mtu wa hesabu aone mwenyewe kama nafasi hiyo inatosha upepo ukianza kushuka nyuma ya vilima. Rubani mwenye busara huzunguka, au hupunguza mizigo, au huondoka alfajiri.

Caravan nayo ina farasi 675. Lakini siri haiko katika hesabu hiyo peke yake. Injini yake ina uwezo wa kutoa nguvu zaidi, ila watengenezaji wameifunga isipite 675. Hewa inapopungua, injini hutumia ile akiba iliyofungiwa, kwa hiyo pale Wilson bado inatoa nguvu zile zile ilizotoa Malindi. Ni sawa na mtu mwenye maziwa ya ziada jikoni. Wageni wakiongezeka hatikisiki.

Najua wapinzani wangu watasema, "Mbona kuna pistoni zenye tabo?" Ni kweli. Kuna ndege za pistoni zenye tabo kama ile ya matatu, ambayo hutumia moshi unaotoka kuzungusha kipanga kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya silinda. Zinafaa sana huku kwetu juu. Lakini angalieni vizuri mnachokisema. Hiyo tabo ni turbini ndogo! Pistoni imekwenda kwa jirani kuazima chumvi, halafu mwataka kuniambia jirani hana maana?

Sababu ya pili ni uzito na kutegemewa. Injini ya PT6 ya Caravan ina uzito wa karibu kilo 160 na hutoa farasi 675. Injini ya pistoni ya farasi 300 ina uzito wa karibu kilo 200. Yaani nyepesi ndiyo yenye nguvu mara mbili na zaidi. Tena kwa kuwa hakuna kitu kinachokwenda na kurudi ndani yake, vyuma havichoki upesi. Injini za pistoni za namna hiyo hufumuliwa na kuundwa upya baada ya saa 1,700 hadi 2,000 za kuruka. Ile ya Caravan hufikisha saa 3,600. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinaruhusu, kwa masharti maalumu, ndege ya injini moja ya turbini kubeba abiria usiku na ndani ya mawingu. Ya injini moja ya pistoni haikupewa ruhusa hiyo katika kanuni hizo. Walioziandika si watu wa kupenda starehe, walitazama ni injini ipi huzimika mara chache.

Jambo hili si la matajiri waendao kutazama simba tu. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao, hii tunayoijua kama AMREF. Walianza na ndege ndogo za pistoni, na kwa hizo waliokoa watu wengi. Hiyo heshima tuipe pistoni. Leo madaktari hao wa Wilson hutumia, pamoja na jeti, ndege iitwayo Pilatus PC-12. Ina injini moja ya PT6, huenda karibu kilomita 500 kwa saa, na bado hutua kwenye viwanja vya vumbi. Ndani yake hewa huongezwa shinikizo, mgonjwa hapungukiwi hewa hata ndege ikiwa juu sana. Fikiria mama aliyepata matatizo ya kujifungua kule Lodwar au Mandera. Kwake yeye tofauti ya saa moja si mada ya mjadala wa chama.

Sasa niwape haki yao watetezi wa pistoni, maana mwamuzi mwema husikiza pande mbili. Turbini ni ghali. Injini yake hununuliwa kwa bei ambayo ingeweza kununua ndege nzima ya pistoni, na ikifika wakati wa kufumuliwa mwenye nayo hulipa mamilioni. Isitoshe, turbini ina njaa. Cessna 206 hula kama lita 60 kwa saa, ikienda kilomita 260. Caravan hula karibu lita 200 kwa saa. Kwa umbali huo huo wa kilomita 260, Caravan iendayo kilomita 310 kwa saa itatumia kama lita 168.

Lakini hesabu isiishie hapo, tugawe kwa abiria. Ndege ya 206 ikiwa na abiria 5, kila mmoja ametumia lita 12. Caravan ikiwa na abiria 12, kila mmoja ametumia lita 14. Kumbe tofauti ni ndogo! Ila abiria wakiwa 3 tu mambo hubadilika. Kwenye 206 kila mmoja ni lita 20, kwenye Caravan ni lita 56. Hapo ndipo nasema kila chombo kwa wimbile. Mwenye kusafiri na mke wake na mtoto mmoja kwenda shambani Nanyuki hana haja ya turbini. Ni kama kukodi basi la shule kwenda kununua sukari dukani.

Vilevile anayejifunza afadhali aanze na pistoni. Turbini ikiwashwa vibaya joto lake hupanda kwa sekunde chache na mapanga yake yakaungua, basi hasara yake ni ya kumfilisi mwenye shule. Na historia yetu yenyewe iko upande wa pistoni. Bi. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929 kwa ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, na uwanja ule ukapewa jina lake mwaka 1962. Denis Finch Hatton, ambaye kaburi lake liko hapa juu Ngong, alikuwa na Gipsy Moth pia, nayo ndiyo iliyoanguka naye Voi mwaka 1931.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, nayo ni mafuta. Turbini hutumia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta taa, na hupatikana popote ndege kubwa zinapotua. Ndege nyingi za pistoni hutumia petroli maalumu ya ndege. Petroli hiyo ni adimu, viwanja vya mbali hupelekewa kwa mapipa, na bei yake iko juu. Tena ina madini ya risasi ndani yake, ya kuzuia injini isigonge. Kipimo chaweza kufika gramu 0.56 kwa kila lita. Ndege ndogo ya mafunzo ilayo lita 34 kwa saa yaweza basi kutoa gramu 19 za risasi hewani katika saa moja ya kuzunguka juu ya mabati yetu.

Jamani, magari yalikatazwa mafuta hayo zamani. Kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli ya magari yenye risasi. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, iliyoacha mwaka 2021, na tangazo la furaha likatolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, Nairobi. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo, mtoto akawa mzito wa kujifunza. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa wayajua madhara yake. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaletea sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurudisha mwaka 2024 baada ya kukatiwa rufaa.

Nina mdogo wangu wa miaka minne ambaye kazi yake ni kucheza vumbini mchana kutwa. Ndege ya mafunzo inapopita mara ya sita kwa asubuhi moja, mimi huuliza: kama mafuta haya hayafai kupita barabarani Embulbul, yafaaje kupita juu ya Embulbul? Mtu asiniambie ati ndege ni chache. Wapime udongo na hewa ya huku watuonyeshe majibu. Na dawa ipo. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha petroli ya ndege isiyo na risasi kwa ndege zote za pistoni zilizoorodheshwa huko. Tena kuna ndege za Diamond, za Austria, zenye injini za pistoni zilizotokana na dizeli za Mercedes, ambazo hunywa mafuta ya jeti. Yaani pistoni yaweza kuendelea kuishi bila kututilia sumu.

Kabla sijamaliza, nionye jambo moja ili mtu asidhani turbini ni hirizi. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka msitu wa Kibiku, hatua chache kutoka kwetu. Waliofariki ni sita, miongoni mwao Profesa George Saitoti, Waziri wa Usalama wa Ndani na mbunge wetu, na naibu wake Orwa Ojode. Helikopta hiyo ilikuwa ya turbini. Mwaka 2018 Caravan ilipiga mlima katika Aberdare, watu 10 wakafa. Oktoba 2025 nyingine ikaanguka Kwale ikielekea Mara, watu 11 wakafa. Zote turbini. Mlima na ukungu haviulizi una injini gani. Injini nzuri humpa rubani nafasi, lakini haimpi busara, wala haichukui mahali pa ukaguzi na utabiri wa hali ya hewa.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali ipunguze ushuru wa ndege za turbini zinazobeba wagonjwa na wananchi wa sehemu za mbali, wala isiweke kapu moja na ndege za anasa. Pili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwape wenye shule za urubani muda maalumu wa kuacha petroli yenye risasi, na kabla ya muda huo kwisha wasizunguke juu ya shule na nyumba. Tatu, sisi wanafunzi tuache kutazama ndege kama kuku anavyotazama mwewe. Shule ya Usafiri wa Anga iko Embakasi, makanika wa Wilson ni Wakenya, nao walianza na fizikia hii hii ya Kidato cha Tatu, shinikizo na joto, ambayo wengine wetu huikimbia wakienda kuota jua nyuma ya maabara.

Nawaachia swali wale wa kusema ndege ni ndege bora ipae. Ikiwa mgonjwa ni mama yako, kilima ni hiki chetu cha Ngong, na mtoto anayecheza chini ni wako, bado utasema hivyo? Naitua kalamu yangu hapo.